Bangili Zilizopangiwa Kundi

Yazid alianza kuwa mwekezaji siku ya Jumamosi, kwenye semina iliyofanyika katika ukumbi wa hoteli moja, chai na sambusa mbili zikiwa ndani ya kiingilio. Kabla ya hapo alikuwa muuza masinki. Alikuwa na duka la vigae, masinki na mabomba kule Temeke, alilolirithi kwa marehemu baba yake, na kwa miaka yote ambayo Nawal alikuwa mke wake hakuwahi kumwona akilionea aibu. Siku hiyo alirudi na mfuko wa karatasi wenye kalamu na daftari jipya, akavua viatu mlangoni, akasimama katikati ya sebule ya nyumba yao ya Mbweni kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Mama Munira," alisema, "kuanzia leo sie siyo watu wa duka tena. Sie ni watu wa mali."

Nawal alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

Mwalimu wa semina alikuwa kijana mmoja aitwaye Allen, mwenye suti ya kubana na maneno mengi, na mwisho wa siku aliwauzia wanafunzi wake programu ya kompyuta ya kutunza hesabu za mali. Programu yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye Yazid aliitupia lawama zote. Ilichotaka ni kwamba kila ulichowekeza ukiingize, kisha ukipangie kundi: hisa, hatifungani, fedha taslimu, ardhi na majengo, au dhahabu. Ukimaliza inakuchorea duara la rangi, kila kundi na kipande chake. Unaiambia ungependa kila kundi liwe asilimia ngapi, nayo inakuonyesha umezidisha wapi na umepunguza wapi. Mtu mwenye akili zake angeitumia na ikamfaa.

Yazid aliihamishia kwenye meza ya kulia chakula, na familia ikahamia jikoni. Alivaa miwani ya kusomea ambayo hakuwa akiihitaji. Alipoingiza vipande vyake vya mfuko wa uwekezaji, programu ilimuuliza ni kiasi gani kati ya fedha hizo kimewekwa kwenye hisa na kiasi gani kwenye hatifungani. Hakujua. Badala ya kupiga simu kuuliza, aliandika nusu kwa nusu, akamweleza mkewe kwamba nusu kwa nusu ndiyo haki. Allen alikuwa amewaambia kwamba gari la kutembelea si uwekezaji, jambo ambalo lilimuudhi sana Yazid, kwa hiyo gari lake akaliweka kundi la ardhi na majengo, kwa sababu linalala uani.

Nawal aliyaona yote hayo na akamdharau. Sisemi alichukia, kuchukia kunataka jasho. Alimdharau tu, polepole, akipita na sahani, kama unavyomdharau mgeni anayekula kwa kelele.

Viwanja vinne vya Kimbiji navyo viliingia. Yazid alivinunua kwa bei ya kutupa wakati hakuna anayetaka kusikia habari za huko, barabara ikiwa mashimo matupu, na sasa watu walikuwa wameanza kuviulizia. Kundi: ardhi. Palikuwa na nafasi ya kuandika kusudi la mali, naye akaandika, "Ya kuuza bei ikipanda." Hapo hakukosea.

Kisha akasema, "Lete zile bangili zako nizipime."

Bangili zilikuwa sita, dhahabu nzito ya zamani, nazo ndizo zilizokuwa mahari yake. Zilitajwa siku ya ndoa mbele ya mashahidi, na kaka yake Nawal, Awadh, ndiye aliyezipokea kwa mkono wake. Mahari ya mwanamke ni yake. Haiguswi na mume, haiguswi na baba, na hilo hata mtoto wa chuoni aliyefika juzu ya kwanza analijua. Yazid naye alilijua.

"Za nini?" aliuliza Nawal.

"Namba tu. Programu inataka uzito."

Akampa. Alimpa kwa kuchoka, kama unavyompa mtoto funguo za nyumba azichezee ili anyamaze, na kosa hilo alijilaumu nalo baadaye kuliko alivyomlaumu mumewe. Bangili zikaenda kwa sonara kupimwa, na kutoka kwa sonara hazikurudi Mbweni. Zilikwenda kulala kwenye sefu ya duka, kwa ajili ya usalama, kama alivyosema mwenyewe.

Baada ya siku mbili akamwita aje kutazama. Lile duara lilikuwa linang'aa kwenye kioo cha kompyuta, na kipande cha manjano kilikuwa kimevimba kuliko vyote.

"Unaona? Dhahabu imezidi," Yazid alisema, kwa sauti ya daktari. "Inatakiwa iwe kumi kwa mia, ipo mara tatu yake. Na hatifungani sina karibu kitu. Kwa hiyo tunapunguza dhahabu. Nimeshaongea na sonara, bangili nne atazichukua baada ya Idi, hela yake nanunua sukuku, zile hatifungani za Kiislamu. Halali kabisa, hazina riba."

"Sukuku kwa jina la nani?"

"Si langu? Akaunti ni yangu."

Nawal aliinama kwenye kioo. Palikuwa na mstari ulioandikwa dhahabu, bangili sita, na kwenye nafasi ya mmiliki pameandikwa Yazid.

"Nani kakwambia ni zako?"

"Hakuna aliyeniambia. Ilikuwa haiendelei mbele bila kujaza jina."

Basi hilo ndilo jibu alilolitoa, mwanamume mwenye ndevu, baba wa watoto, tena bila kupepesa macho. Nawal alimtazama akatafuta hata chembe ya haya usoni pake, akakosa. Ili kumtuliza, Yazid akamfungulia ukurasa mwingine wenye matumizi ya kila mwezi, aone jinsi mambo yalivyonyooka. Umeme. Maji. Nawal.

"Na huyu Nawal ni nani?"

"Matumizi yako. Nguo, vocha, saluni."

"Kwa hiyo bangili zangu ni mali yako, na mie mwenyewe ni gharama."

"Usilichukulie hivyo, mke wangu. Ni makundi tu."

Tangu siku hiyo alizidai bangili zake kila asubuhi. Siku moja funguo za sefu zilikuwa kwa msaidizi, siku nyingine kitasa kimekwama, siku nyingine Yazid hakusikia, alikuwa kwenye simu. Kumwambia Awadh kungekuwa rahisi, ila Nawal alimjua kaka yake. Angekuja na wajomba wawili na sauti ya kusikika mtaa wa tatu, na mambo yakiisha yangekuwa yamevunja nyumba. Nawal hakutaka nyumba ivunjike. Alitaka bangili zake sita, mkononi mwake, na alikuwa na mpaka Idi kuzipata. Wakati mwingine akiwa peke yake jikoni alisugua kifundo cha mkono pale zilipokuwa zikikaa, na machozi yalimlenga kwa hasira.

Ramadhani ikaingia.

Ukoo wa Yazid una desturi yake ya zaka. Kila Ramadhani, Jumamosi ya pili, watoto wote hukusanyika Boko, nyumbani kwa mama yao, Bi Wahiba. Kila mmoja hutaja mali yake kwa mdomo mbele ya wenzake, na Ami Fakihi, mdogo wa marehemu baba, hupiga hesabu ya kinachotakiwa kutolewa. Mali ya biashara inatolewa zaka. Dhahabu iliyowekwa kama akiba inatolewa zaka. Lakini nyumba ya kukaa haitolewi, na kwa madhehebu yao, pambo analolivaa mwanamke halitolewi pia. Fedha inayopatikana hugawiwa wanyonge wa ukoo na majirani, na wengine huiwazia tangu Rajabu.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo, Nawal alimkuta mumewe mezani, amefunga saumu, anatabasamu na kioo. Alisimama nyuma yake. Yazid alikigusa kiwanja cha kwanza cha Kimbiji, akafuta maneno "Ya kuuza bei ikipanda", akaandika "Makazi". Akaja cha pili. Akamaliza vyote vinne. Kisha akaja kwenye bangili, akafuta "Uwekezaji", akaandika "Mapambo ya kuvaa". Chini ya ukurasa, hesabu ya zaka iliporomoka.

"Umeona?" alisema kwa furaha ya kweli. "Dakika tano. Hela yote ile imeokoka."

"Na baada ya Idi?"

"Baada ya Idi narudisha kama zamani. Unagusa tu."

Nawal aliyapima maneno hayo. Mtu alikuwa amekaa na njaa tangu alfajiri kwa ajili ya Mola wake, na saa hiyohiyo alikuwa anamficha Mola huyohuyo viwanja vinne kwa kugusa kitufe. Hakuwa hata mwizi. Mwizi hujua anaiba na huogopa. Huyu alidhani ni hodari.

"Vaa kanzu yako, tutachelewa," alimwambia.

Boko walikaa sebuleni baada ya Adhuhuri, wakubwa kwenye makochi, wengine kwenye mikeka. Ami Fakihi alikuwa ameuza vitambaa maisha yake yote, na kelele za soko zilimwondolea sehemu kubwa ya masikio, kwa hiyo mbele yake kila mtu hutaja mali yake kwa kupiga kelele. Si sheikh na hakujifanya sheikh. Alikuwa tu mtu wa kung'ang'ania, asiyependa jambo lipite nusunusu, na ndiyo sababu walimpa kazi hiyo. Yazid alikuja na kompyuta, akaiweka juu ya stuli mbele yake kama mhubiri, akafumbata vidole vyake kumi.

Duka likapita salama. Hisa zikapita. Vipande vya mfuko vikapita, nusu kwa nusu.

"Viwanja vya Kimbiji," Ami Fakihi alisema. "Mwaka jana ulisema vya biashara."

"Mwaka huu siyo biashara, Ami. Ni makazi."

"Sema kwa sauti."

"Makazi!"

"Vyote vinne?"

"Vyote vinne!"

Mzee alimtazama. "Una nyumba Mbweni. Wewe mmoja utalala nyumba tano?"

Mtu alicheka kwenye mkeka. Yazid alifuta paji la uso, akatazama kompyuta, nayo ilimrudishia neno "Makazi" mara nne na haikuongeza lolote. Alikuwa na njaa, alikuwa na watu ishirini usoni, na hakuwa amejiandaa kwa swali hilo kwa sababu programu haikuwahi kumuuliza.

"Siyo mie peke yangu," alisema. "Ni vya familia. Kimoja... kimoja cha Mama."

"Cha nani?"

"Cha Mama! Na kimoja cha Huda na wanawe! Na viwili tutajenga mie na watoto wangu!"

Huda, dada yake mdogo, alikuwa kaachika na alikuwa anaishi na watoto watatu kwenye chumba cha uani hapohapo Boko, kitanda kimoja na godoro la chini. Alijifunika uso kwa mtandio na mabega yakaanza kutikisika. Bi Wahiba aliinua mikono yake yote miwili.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu Yazid. Mungu akuzidishie. Na mie nilikuwa nasema umekuwa mchoyo."

"Umenuia?" Ami Fakihi aliuliza, asiyependa nusunusu. "Maana sie kwetu, ukinuia kitu ni cha kutumia, kinatoka kwenye biashara papo hapo. Nia inatosha. Lakini kukirudisha kwenye biashara, nia peke yake haitoshi. Kwa hiyo sema kweli."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Yazid angeweza kusema amekosea, akalipa zaka yake kama mwaka jana, akaenda zake. Aliutazama mlango ule, akakumbuka hesabu ilivyoporomoka, akapiga kelele, "Nimenuia!"

Bi Wahiba alikuwa ameshachukua simu anampigia dada yake wa Tanga.

Nawal alimtazama Huda akilia kwa furaha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo moyo ukamuuma. Yeye peke yake pale ndani alijua furaha ile ilikuwa na tarehe ya kwisha. Akaapa kimoyomoyo kwamba haitakwisha, na kama itambidi ampigie kelele Yazid mpaka siku ya kufa, atapiga.

"Dhahabu," Ami Fakihi alisema.

"Bangili sita, Ami! Mapambo ya mke wangu! Anavaa!"

Mzee aligeuka. Watu wote waligeuka. Mikono ya Nawal ilikuwa juu ya mapaja yake, mitupu mpaka kwenye kiwiko.

"Anavaa?" aliuliza Ami Fakihi.

Yazid alimgeukia mkewe. Nawal hakuwahi kuyaona macho yale. Macho ya duara na rangi yalikuwa yamekwenda. Yalibaki macho ya mtu anayeomba. Kama angesema neno moja tu, sefu, mwanamume yule asingeinua tena uso Boko. Lilimfika kwenye ulimi. Lakini akafikiri: aibu yake nitaifanyia nini mie? Siwezi kuivaa.

"Shikamoo tena, Ami," alisema, na akatabasamu kwa adabu zote. "Navaa, tena kila siku. Mahari yangu ile, unaikumbuka, ulikuwepo. Nilimwachia tu mume wangu dukani zikang'arishwe kwa ajili ya mwezi mtukufu. Anakwenda kunichukulia sasa hivi."

"Sasa hivi?" Yazid alisema.

"Si uliniambia utaniletea kabla ya kufuturu?"

"Nenda, mwanangu," Bi Wahiba alisema, simu ikiwa bado sikioni. "Mke wako atakaaje mikono mitupu, na wewe mtu mwenye moyo kama huo!"

"Nami nangoja," Ami Fakihi alisema. "Nikiziona mkononi, naziruka."

Kutoka Boko hadi Temeke, Jumamosi ya Ramadhani, mchana umegeuka na kila mwenye gari ametoka kununua tende na tambi, hiyo si safari, ni adhabu. Yazid alikwenda akarudi. Adhana ya Magharibi ilimkuta amekwama Tegeta, vioo vimefungwa, akafungua saumu kwa maji ya chupa aliyoyanunua dirishani kwa kijana aliyemdai bei mara mbili. Alipoingia sebuleni watu walikuwa wameshamaliza uji na wako kwenye mihogo ya nazi. Alimkabidhi Nawal kile kiboksi mbele ya wote. Nawal alikifungua polepole, akazivaa moja moja, sita, mkono wa kulia, kisha akachukua bakuli akamtilia mumewe uji kwa mkono huohuo, zikigongana.

"Nimeziruka," Ami Fakihi alisema, na akarudi kwenye muhogo wake.

Wiki ile ikapita kwa kasi. Bi Wahiba alipeleka fundi Kimbiji bila kumuuliza mtu, na tangu Tanga mpaka Maskati hakukuwa na ndugu ambaye hakumpigia Yazid simu kumpongeza. Huda alinunua matofali ya kwanza kwa akiba yake ya kuuza visheti. Kila alipokutana na kaka yake alimbusu mkono, na kila alipombusu mkono Yazid alikonda kidogo. Kurudisha nyuma kusingewezekana. Kulitaka mtu jasiri, na mtu jasiri asingeanza.

Jumamosi iliyofuata alikaa tena mezani Mbweni, miwani ya bure puani. Alifuta kiwanja cha Mama. Alifuta kiwanja cha Huda. Alifuta bangili, na programu ikamuuliza kama ana uhakika, akakaa sana kabla ya kujibu. Duara lilijichora upya. Kile kipande cha manjano hakikuwepo, na kipande cha ardhi kilikuwa kimekonda, kimebaki na viwanja viwili na gari.

"Hebu tazama," alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya muuza masinki. "Sasa mie nimebaki na nini?"

Nawal alikuwa anatoka, mtandio umeshafungwa, anakwenda na Huda kutazama msingi ukichimbwa. Zamani angemhurumia. Alijitafuta ndani kama huruma ipo, akakuta ile dharau tu, imekaa mahali pake kama kiti cha nyumba. Aliinama juu ya bega lake, bangili zikagonga kompyuta, akafungua ukurasa wa pili na kuweka kidole kwenye kioo.

"Mbona unavyo, Baba Munira? Una umeme, una maji, una mie," alisema. "Na mie mwezi huu nimepanda bei."